Maswali ya Wasomaji: Je, Afrika Mashariki ina chuo kikuu chake cha sanaa?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama, nauza vitenge hapa Tororo. Binti yangu alimaliza kidato cha sita mwaka jana. Tangu utotoni anacheza na kupiga ngoma, na shuleni aliongoza kikundi chao hadi mashindano ya wilaya. Sasa anataka kusomea sanaa katika chuo kikuu, na amesikia kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ina chuo kikuu chake cha sanaa na utamaduni kinachopokea vijana wa nchi zote. Baba yake mkubwa, ambaye ndiye anayetusaidia ada, amesema hatatoa hata shilingi moja ili mtoto akasomee kucheza. Je, chuo hicho kipo? Kama hakipo, nimpeleke wapi? – Mama wa binti, Tororo

JIBU: Marahaba, mama, na pole kwa kusimama katikati ya binti na shemeji.

Chuo kikuu kamili cha sanaa, kilichoundwa na Jumuiya na kumilikiwa na nchi wanachama kwa pamoja, hakipo. Inaelekea habari iliyomfikia binti yako ni ya Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, inayoitwa kwa kifupi TaSUBa, iliyoko katika mwambao wa Tanzania, ambayo Jumuiya imeitambua kuwa kituo cha ubora katika sanaa na utamaduni. Taasisi hiyo ni mali ya serikali ya Tanzania. Ilianza mwaka 1981 kwa jina la Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ikafanywa wakala wa serikali mwaka 2007, na humo hufundishwa ngoma, muziki, maigizo, uchoraji, uchongaji na ufundi wa jukwaa. Tamasha lake la kila mwaka, lililoanza mwaka 1982, huwakusanya wasanii wa ndani na wa nje ya Tanzania. Mimi naiheshimu sana Bagamoyo, kwa sababu mwanafunzi wa pale hutumia siku nyingi zaidi uwanjani na jukwaani kuliko kwenye dawati. Hata hivyo, msingi wake ni astashahada na stashahada, na kwa kuwa binti yako amemaliza kidato cha sita na anataka shahada, jambo hilo mlijue kabla ya kukata tiketi ya basi.

Ila nakuomba usidhani kwamba wazo la chuo cha sanaa cha nchi zetu zote ni ndoto mpya. Liliwahi kuwapo, na lilikuwapo hapa hapa Uganda. Mwaka 1937 Margaret Trowell alianza kuwafundisha vijana uchoraji barazani kwake Mulago, na kutokana na madarasa yale ya baraza ikazaliwa shule ya sanaa ya Makerere ambayo leo ina jina lake. Tazama ni nani waliopita pale. Gregory Maloba, aliyechonga Sanamu ya Uhuru iliyosimamishwa Kampala mwaka 1962, yule mwanamke aliyefungwa mwili mzima huku akimwinua mtoto juu, alikuwa Mkenya. Sam Ntiro, mchoraji aliyerudi kufundisha Makerere na baadaye akawa balozi wa nchi yake London, alitoka Kilimanjaro. Elimo Njau, ambaye picha zake kubwa za ukutani zimo katika kanisa la Murang'a nchini Kenya, alizaliwa Marangu, Tanzania. Hakuna aliyewauliza vijana wale wanafuata nini Kampala, kwa kuwa kila mtu alijua kwamba sanaa husomewa Makerere.

Mpango huo ulipata sura rasmi kati ya mwaka 1963 na 1970, wakati Makerere, Nairobi na Dar es Salaam zilipokuwa sehemu tatu za Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki. Aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi, aliyetaka sheria alikwenda Dar es Salaam, na aliyetaka udaktari au uchoraji alikuja kwetu. Mwaka 1965 wanafunzi wa Makerere walianzisha jumba la maigizo linalosafiri, wakawafuata watu vijijini na mijini kwa michezo ya Kiingereza na ya lugha za wenyeji, Kiswahili kikiwamo. Kisha mwaka 1970 chuo kile cha pamoja kikavunjika, na kila nchi ikachukua kilicho chake. Mwaka uliofuata Makerere ikaanzisha idara ya muziki, dansi na maigizo, ambayo hata leo, baada ya jina kubadilika, watu huiita MDD. Bahati mbaya idara hiyo ilianza kutembea wakati ambapo msanii nchini hakuwa na usalama: Byron Kawadwa, mwandishi wa michezo na kiongozi wa Jumba la Taifa la Maigizo, alikamatwa na kuuawa mwaka 1977 chini ya utawala wa Amin, na wengi waliobaki walinyamaza au walikimbia nchi.

Nikirudi nyuma zaidi ya hapo, mama, nitakwambia kwamba hata Makerere haikuwa shule ya kwanza. Lubiri la Mengo, kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda, lilikuwa chuo. Wapigaji wa Kabaka walitoka katika vijiji maalumu vilivyopewa ardhi kwa ajili ya kazi hiyo, wakaja kwa zamu, na mtoto alijifunza kwa kuketi ubavuni mwa baba yake au mjomba wake mpaka siku alipoachiwa fimbo. Jeshi lilipolishambulia Lubiri mwezi Mei 1966, na falme zilipofutwa mwaka uliofuata, wapigaji walitawanyika wakarudi kulima. Falme zilirudishwa mwaka 1993, lakini baadhi ya ngoma, kwa mfano entenga, ile safu ya ngoma zilizopangwa kwa sauti kama vibao vya marimba, zilikuta karibu wazee wote waliozijua wameshakwenda.

Mimi mwenyewe nilipokuwa mwalimu kijana nilipelekwa kwa mzee mmoja aliyekuwa amepiga amadinda, marimba ya Buganda, zamani zile. Alikata migomba miwili mibichi, akailaza sambamba chini ya mti, akapanga juu yake vibao 12, akachomeka vijiti katikati ili vibao visitoroke. Wapigaji ni watatu. Wa kwanza, omunazi, huanza na mstari wake; wa pili, omwawuzi, huketi ng'ambo na kuliingiza kila pigo lake katikati ya mapigo mawili ya mwenzake; wa tatu, omukoonezi, ana vibao viwili tu vya mwisho, na kazi yake ni kuzisikiliza sauti mbili za chini kila zinapopita mikononi mwa wenzake na kuzijibu juu. Wimbo anaousikia mtu aliyesimama kando hakuna hata mmoja kati ya watatu anayeupiga peke yake. Nilikuwa nimeyaandika mapigo yote katika daftari. Mzee alilichukua taratibu, akalifunga, akaliweka kando, akanishika kifundo cha mkono na kukipeleka yeye mwenyewe mpaka mkono wangu ukaanza kusikia. Tangu siku ile naamini kwamba chuo kikuu cha sanaa kitakachowapa kiti wenye shahada peke yao, na kumwalika mzee wa namna hiyo mara moja kwa mwaka aje kupiga kwenye mahafali, kitakuwa kimejenga nyumba bila kuchimba msingi.

Wapo waliolifanya jambo hili vizuri. Katika jimbo la Kerala, kusini mwa India, mshairi Vallathol Narayana Menon alishiriki mwaka 1930 kuanzisha Kerala Kalamandalam, chuo cha kuokoa maigizo ya kathakali na sanaa nyingine za jimbo ambazo walezi wake wa kale, yaani majumba ya watawala, hawakuwa tena na nguvu ya kuzilisha. Waliowekwa kufundisha ni mabingwa wenyewe wa fani. Mazoezi huanza kabla ya mapambazuko, na mwanafunzi hukaa miaka akiufundisha mwili, macho na vidole kabla hajahesabiwa kuwa mchezaji. Baadaye serikali ya India ilikipa chuo hicho hadhi ya chuo kikuu, bila kumwondoa bingwa kwenye nafasi yake. Jimbo moja la nchi moja liliweza, nasi tuna nchi wanachama nane.

Sasa nije kwa binti. Kwa shahada ya maigizo, filamu, muziki au dansi, aanzie Makerere, katika idara ya sanaa za maonyesho na filamu. Ikiwa mkono wake unavutwa na rangi, kitambaa au udongo, upo upande wa shule ya Trowell hapo hapo Makerere, na upo pia Chuo Kikuu cha Kyambogo, na Nkumba njia ya Entebbe. Kyambogo ina sifa ya kuwaandaa walimu, nami ningependa shemeji yako aisikie sehemu hii kwa makini: mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 umeziweka sanaa za maonyesho, pamoja na sanaa na usanifu, miongoni mwa masomo ya kuchagua, kwa hiyo shule zinamhitaji mtu anayeweza kufundisha ngoma, wimbo na igizo kwa pamoja. Akitaka taarabu, na vyombo kama kanuni na udi, iko Zanzibar akademia ya muziki wa nchi za jahazi iliyoanzishwa mwaka 2002. Kinshasa, ambayo sasa imo ndani ya Jumuiya baada ya Kongo kujiunga mwaka 2022, ina chuo cha sanaa za ufundi kilichoanza mwaka 1943, ingawa huko atahitaji Kifaransa.

Kuhusu ada za nchi za nje, wakuu wa nchi waliitangaza Jumuiya kuwa eneo moja la elimu ya juu mwaka 2017, na nia mojawapo ilikuwa kijana wa nchi mwanachama asitozwe kama mgeni wa mbali. Utekelezaji haujalingana kila mahali. Omba barua ya chuo inayotaja kiasi kamili cha ada kwa raia wa Uganda kabla ya kulipa chochote, na kama una shaka juu ya kutambuliwa kwa chuo, Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lina makao yake Kampala.

Nadhani kinachomtisha shemeji yako kimo ndani ya neno lenyewe. Hapa kwetu "masomo ya sanaa" humaanisha historia, jiografia, dini na lugha, yaani kila kisicho sayansi, na mwaka 2022 serikali ilipopandisha mshahara wa walimu wa sayansi wenye shahada hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, wale wa masomo ya sanaa waligoma. Mzazi aliyeyaona hayo husikia "sanaa" akafikiria njaa. Mwelezeni kwa utulivu kwamba binti anakwenda kujifunza ufundi, kama fundi cherehani au fundi seremala, na kwamba ufundi huo una wateja: sherehe za kwanjula, yaani za utambulisho kabla ya ndoa, zinazokodi vikundi kila mwisho wa wiki, makanisa, televisheni, hoteli za watalii, na vikundi vya kudumu kama Ndere, kilichoanzishwa mwaka 1984 na kikajenga kituo chake Ntinda. Sitamdanganya kwamba malipo ni ya uhakika. Wasanii wengi hodari wameishi kwa shida kwa sababu hakuna aliyewafundisha kusoma mkataba, wala kwamba sheria ya haki miliki ya mwaka 2006 inamlinda pia mtumbuizaji, si mtunzi peke yake. Kila chuo atakachokifikiria, aulize kama somo hilo linafundishwa. Na siku ya kuzungumza na baba yake mkubwa, mama, usimpeleke binti mikono mitupu. Abebe ngoma yake, apige.

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa Kiswahili Arua. Chuo kikuu cha sanaa cha Afrika Mashariki kikijengwa siku moja, kifundishe kwa lugha gani? Wenzangu wanasema Kiingereza kinatosha kwa kuwa kila kitabu cha sanaa kimeandikwa humo. – Mwalimu, Arua

JIBU: Mwalimu mwenzangu, vitabu vingi vimeandikwa humo, kweli, lakini hebu tulitazame neno moja tu, ngoma. Kwa Kiswahili ngoma ni chombo kilichowambwa ngozi, ni mchezo unaochezwa kwa chombo hicho, na ni shughuli nzima yenye wimbo, mavazi, chakula na watu wake. Kwa ndugu zetu wa Bunyoro na Ankole neno hilo hilo linabeba na ufalme, na Bagyendanwa, ngoma ya wafalme wa Nkore, ilikuwa na nyumba yake, ng'ombe wake na watumishi wake. Kiingereza hulazimika kuligawa jambo hili vipande vitatu, muziki huku, dansi kule, maigizo pembeni, kisha vyuo hujenga idara kufuata vipande hivyo. Waasisi wa MDD waliliona tatizo, ndiyo maana wakayafunga majina matatu kwa kamba moja. Kwa mtu anayefikiri kwa Kiswahili kamba hiyo haihitajiki, na mwalimu wa larakaraka, mchezo wa Waacholi, hatalazimika kueleza kwa nini hawezi kuufundisha mguu bila wimbo na wimbo bila kipande cha kibuyu kinachogongwa mkononi.

Hivyo jibu langu ni kwamba Kiswahili kiwe lugha ya uwanja, ya karakana na ya mazungumzo kati ya kijana wa Gulu, wa Bujumbura na wa Mombasa, na Kiingereza na Kifaransa vibaki kwa ajili ya maktaba. Pamoja na hayo, majina ya mapigo, ya hatua na ya vyombo yabaki katika lugha za wenyewe. Omwawuzi aitwe omwawuzi, hata na mwanafunzi kutoka Juba. Tukiyatafsiri yote tutakuwa tumeyapoteza mara ya pili. Wewe uliye Arua una kazi ya karibu zaidi: vijana wako wanaopiga adungu wana istilahi zao za nyuzi, kubwa kama mama na ndogo kama watoto, na nina hakika utazikusanya vizuri kuliko mtafiti atakayeshuka kwenye ndege.

SWALI: Mzee, natoka kijiji kimoja cha Busoga, nina miaka 27. Nilisoma hadi kidato cha nne, pesa ikaisha. Napiga embaire na baba zangu tangu nikiwa na miaka 8. Kuna chuo kikuu kinachoweza kunipokea, au hayo ni ya wenye vyeti vya kidato cha sita tu? – Mpiga marimba, Iganga

JIBU: Ipo njia. Vyuo vikuu vyetu vina mtihani wa watu wazima kwa waliotimiza miaka 25 na zaidi, nawe umeipita hiyo. Nenda mwenyewe ofisi ya udahili ya chuo unachokitaka, uliza masharti ya mwaka huu, maana hutofautiana kutoka chuo hadi chuo, na uliza tarehe ya kufunga maombi kwa sababu mtihani huo hufanywa mapema kuliko watu wanavyofikiri. Cheti chako cha kidato cha nne usikiache nyumbani.

Usiende ukijiona mdogo. Katika Busoga yenu hiyo hiyo kuna bigwala, baragumu za vibuyu ambazo kila moja hutoa sauti moja tu, hivyo wapulizaji watano au zaidi hupokezana ili wimbo mmoja utoke, na zilipulizwa wafalme wenu walipotawazwa na walipozikwa. UNESCO ilipoiweka bigwala katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, mwaka 2012, mabingwa wazee waliobaki walikuwa wanne. Hata vibuyu vyenyewe vilikuwa vimeadimika mashambani, kwa hiyo waliotaka kuurudisha muziki, akiwamo mwalimu wa muziki wa Kyambogo James Isabirye, ilibidi waanze na mbegu: kupanda, kungoja mche utambae, kuvuna, kukausha, kukata na kuunganisha, ndipo wazee waweze kumpa kijana kitu cha kupuliza. Nguo ya gome ya Buganda iko hivyo hivyo. Haifundishiki bila mti wa mutuba kuwa hai uani, na bila banda la kivuli ambamo gome hupigwa kwa nyundo za mbao kabla halijakauka. Wewe unakwenda chuoni na kitu ambacho chuo hakiwezi kukinunua.

Kabla ya kwenda, fanya mambo mawili. Keti na baba zako mwandike majina ya nyimbo zote mnazozipiga, na kila wimbo nani aliwafundisha, na huyo alifundishwa na nani. Halafu warekodi kwa simu, kila mpigaji peke yake kwanza, ndipo wote pamoja, kwa sababu wakishapiga pamoja sikio la mgeni haliwezi kuwatenganisha.

Na wakikuuliza kwenye mahojiano unahitaji nini ili uonyeshe kazi yako, waambie ukweli: embaire yenu kubwa hutandazwa juu ya shimo lililochimbwa ardhini, na sauti yake hutoka humo. Kwenye ukumbi wa vigae haitasema kitu. Waombe kipande cha uwanja na jembe.